Dira na Bunduki

Mjukuu wangu hapa Daudi aliniomba simu yenye ramani, ajizoeze kutafuta njia porini kabla ya kwenda JKT. "Babu, inakuonyesha uliposimama," alisema.

Nilikumbuka miaka ya 1970. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, nasi tuliotoka chuo cha ualimu tulikwenda kwa mujibu wa sheria. Usiku mmoja nilikabidhiwa dira na ramani ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini. Niliongoza makuruta wenzangu mwendo wa saa tatu, kumbe dira nimeishika karibu na bunduki. Chuma kilivuta sindano. Mwenzetu mmoja, mtoto wa wafugaji, alitazama nyota akasema tunakwenda siko. Nilimkaripia. Kulipopambazuka, tukaona kwamba alisema kweli.

Simu nayo hudanganyika. Hutegemea satelaiti, kama zile za GPS za jeshi la Marekani, ambazo hadi Mei 2000 usahihi wake kwa raia ulipunguzwa kwa makusudi.

Nilimnunulia simu, nikamwongezea dira. Nikamwonya: chombo kikiwa mkononi mwako, usiache kumsikiliza mwenzako anayetazama nyota.