Kupanua makao ya wahami: ruhusa ya kujenga inapita wapi?

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira. Mei 2021 volkano Nyiragongo iliteketeza nyumba upande wa Buhene, pembeni ya Goma. Mara zote mbili wakaaji walikimbilia mu masomo, mu makanisa na kwa jamaa. Makao madogo yanajaa haraka, na kamati inataka kuongeza vyumba. Lakini karatasi inatangulia matofali.

Kwanza, kiwanja. Kufuatana na sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serkali; mtu anapewa tu haki ya kuutumia. Iko lazima kuwa na mkataba ao setifika ya usajili kwa jina la chama ao kanisa. Karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya chefu wa mtaa haitoshi: kesho watoto wa muuzaji wanaweza kurudi kudai.

Pili, ramani ya jengo inapelekwa ofisi ya urbanisme. Watumishi wanafika kiwanjani kuangalia mtelemko, umbali na mto, njia ya maji, vyoo. Ruhusa ya jengo la zamani haifunike vyumba vipya.

Tatu, majirani waelezwe mapema, mbele ya msingi kuchimbwa. Na kila malipo yaombewe risiti.

Nyumba isiyo na ruhusa inaweza kubomolewa. Hapo familia iliyokimbia maji ao moto itakimbia tena, safari hii mbele ya nyundo.