Kokoro (riwaya)

Kokoro ni riwaya ya Mjapani Natsume Soseki, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la Asahi mwaka 1914. Jina lake lina maana ya moyo. Sehemu ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni barua ndefu ya mtu aitwaye Sensei, yaani mwalimu, akimwungamia kijana jinsi alivyomsaliti K, rafiki yake tangu utotoni.

K alikataliwa na familia iliyomlea kwa kuwa hakusomea udaktari waliomtuma ausomee. Sensei akamleta katika nyumba aliyopanga Tokyo, kwa mjane mwenye binti mmoja, akawa anamlipia kwa siri. Wema huo ulikuwa wa kweli, ndiyo maana kilichofuata kinauma. K alipomfunulia kwamba anampenda yule binti, Sensei, aliyempenda pia, alinyamaza. Baadaye alimrudishia K maneno yake mwenyewe kuhusu kujinyima, ili amkatishe tamaa. Kisha akajifanya mgonjwa, akangoja K atoke, akaposa. Alifanya hivyo ingawa yeye mwenyewe aliwahi kudhulumiwa urithi na baba yake mdogo.

K alizipata habari kwa mjane. Alitabasamu, akatoa pongezi, akasema hana fedha za kununua zawadi. Baada ya siku chache alijiua, mlango wa karatasi kati ya vyumba vyao ukiwa wazi kidogo. Sensei aliisoma kwanza barua iliyoachwa, akitafuta jina la binti. Halikuwamo, wala lawama yoyote. Akairudisha palepale, ionekane na wote.