Mikono ya Nyamrerwa

Kabla zahanati hazijaenea Nyanza Kusini, nchi ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, mjamzito wa Kijaluo alimwendea nyamrerwa. Huyu ni mama mtu mzima, mjuzi wa mizizi na majani, anayekanda tumbo na kusikiliza kwa vidole jinsi mtoto alivyolala.

Naye alitibu kwa mikono, lakini michoro ya tiba ya kubonyeza viganja na nyayo, inayoonyesha nukta ya ini na nukta ya moyo, haikutoka kwake. Mwaka 1917 William Fitzgerald, daktari wa masikio, pua na koo huko Hartford, Marekani, alitoa kitabu pamoja na Edwin Bowers. Waliugawa mwili katika kanda kumi zinazoshuka hadi vidoleni, wakadai kwamba ukibana kidole, maumivu ya ukanda wake hutulia. Miaka ya 1930 Eunice Ingham akaendeleza michoro hiyo, hasa ya nyayo. Mwaka 2009 Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter alipitia majaribio 18, asipate ushahidi wa kuridhisha kwamba kubonyeza nukta hizo kunatibu ugonjwa wowote. Kukandwa kunastarehesha na kupunguza wasiwasi, na kwa mgonjwa hilo si dogo. Ila ini halimo kiganjani.

Kando ya Ziwa Victoria, mpaka kati ya kustarehesha na kuponya ulijulikana kwa machozi. Ukimwi ulipoingia, aliyekonda aliambiwa ana chira, adhabu ya kuvunja mwiko, akanyweshwa manyasi, dawa ya mitishamba. Siwalaumu waliomuuguza, hospitali nazo hazikuwa na dawa. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka, waliofika Homa Bay miaka ya 1990, walianza kutoa ARV, dawa za kudhibiti virusi vya ukimwi, bila malipo katika hospitali ya serikali. Hata hivyo, mwaka 2012 utafiti wao huko Ndhiwa, Homa Bay, ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne anaishi na virusi.

Huko Lwala, Migori, wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe ili Milton Ochieng' apate nauli ya ndege akasome Marekani. Yeye na mdogo wake Fred walifiwa na wazazi wote wawili kwa ukimwi, na mwaka 2007 wakafungua kituo cha afya kijijini. Ninaloliheshimu zaidi ni lililofuata: shirika walilolianzisha halikuwafukuza akina nyamrerwa. Liliwafunza na kuwalipa kama wahudumu wa afya ya jamii. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji oksitosini, pengine na kuongezewa damu, na hakuna ukandaji unaoziba pengo hilo. Nyamrerwa, anayejua ni boma lipi lina mjamzito na nani anaogopa hospitali, humwandaa mama mapema na kumsindikiza hadi kituoni akajifungulie huko.