Bonde, Beseni au Dakio?

Bonde la mto ndilo jina lililoshinda kwa ardhi inayolisha mto mmoja. Tanzania ina bodi za maji za mabonde (Pangani, Rufiji, Wami/Ruvu) na hakuna anayeshtuka. Sasa mwambie mkulima wa Bashu, kwetu mashariki mwa Kongo, mwenye shamba la maharage juu kileleni, kwamba anakaa katika bonde la mto Semuliki. Atacheka, na ana haki: kwetu bonde ni kule chini. Matokeo yake, wa mlimani hudhani mto si shauri lake, ilhali udongo wa shamba lake ndio unaoutia tope.

Ofisini wanasema basini, nami naona beseni la kufulia. Napendekeza dakio, kutoka kudaka: ardhi yote inayodaka mvua na kuipeleka katika mto mmoja, kilele kikiwemo.

Ubora wa maji? Bora ni sifa tayari, kwa hiyo "ubora mbaya" ni maneno yanayopigana. Maabara hupima hali. Tuseme hali ya maji, iwe njema au mbaya.

Tofautisheni, wenzangu, uchafu na uchafuzi. Kando ya mto Kimemi, katikati ya mji wa Butembo, kuna chupa za plastiki, nguo kuukuu, maganda ya ndizi: huo ni uchafu, kana kwamba umeshuka na mvua. Uchafuzi ni tendo, na tendo lina mtendaji. Komite ya mtaa ikiandika "uchafu wa Kimemi" imemsamehe mchafuzi kabla hajaitwa. (Komite niiache hivyo, kamati ni ileile, na Butembo hawaisemi.)

Neno linalonikera zaidi ni watumiaji wa maji. Mtumiaji hutumia, kisha huenda zake; maji nayo hushuka kwa mwingine. Semuliki hutoka Ziwa Edward. Mto huo hupita eneo la Beni hadi Ziwa Albert. Mvuvi wa Kyavinyonge akimwaga matumbo ya samaki pale mto unapoanzia, aliye chini huyapokea katika bidoni yake. Hao wawili ni washirika wa maji, hata kama hawajawahi kuonana. Chama kikijiita Washirika wa Maji ya Semuliki, swali la kwanza mkutanoni litakuwa nani hajaalikwa.