Wimbo ni wa nani? Hakimiliki na uhuru wa kusema kwa sisi mashabiki wa taarab

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini kwa miaka tisa sasa nakaa Embulbul, njiani kuelekea mji wa Ngong, kaunti ya Kajiado. Huku asubuhi ni baridi na upepo wa vilima, na bahari twaiona kwenye picha tu. Kinachotuliwaza watu wa Pwani tulioko huku ni taarab. Tulianza watu sita, tukafungua kundi la simu la kupeana nyimbo za kina Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh. Leo kundi lina mamia ya watu, wengine wako Muscat na London, na usimamizi umeniangukia mimi.

Mwaka jana nilipigiwa simu na binti wa mwimbaji mmoja marehemu. Jina lake nitalihifadhi. Hakunigombeza. "Kaka," aliniambia, "mwampenda baba, twajua na twashukuru. Lakini kanda zile ndizo alizotuachia. Mkizigawa zote bure, sisi tutamuuzia nani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifuta nyimbo 43.

Miezi miwili baadaye yakatufika ya upande wa pili. Mwenzetu mmoja alitengeneza video ya kukosoa wimbo mpya, akaweka kipande cha sekunde 20 ili watu wasikie anachokisema. Watu wa mwimbaji wakalalamika kwamba wameibiwa, na video ikaondolewa. Kilichowauma kilikuwa ukosoaji, ila walioutumia ni mlango wa hakimiliki.

Kisa cha kwanza sisi ndio tuliokosea, na cha pili tulikosewa. Tangu hapo nimejifunza sheria inasema nini, na nayaandika haya kwa kila anayesimamia kundi kama letu.

Hakimiliki yamlinda nani

Kenya inatumia Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Tanzania Bara wana sheria yao ya 1999 na Zanzibar wana yao ya 2003. Kazi hulindwa mara tu inapoandikwa au kurekodiwa. Kusajili ni hiari. Husaidia kwa ushahidi, lakini asiyesajili hajapoteza haki yake.

Wimbo mmoja waweza kuwa na wenyewe watatu au wanne. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alisifika kwa kuimba maneno ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na mengi ya maneno hayo yalitungwa na jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Hapo mashairi yana mwenyewe, mahadhi yana mwenyewe, na sauti iliyorekodiwa ina mwenyewe. Ruhusa ya mmoja si ruhusa ya wote.

Haki hii ina mwisho. Kwa Kenya, maneno na muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Siti binti Saad alirekodi sahani zake za mwanzo Bombay mwaka 1928, kwa hiyo rekodi zile muda wake umekwisha. Maneno ya wimbo huhesabiwa kivyake, tangu kufa kwa aliyeyatunga. Kanda za miaka ya themanini, zile tunazopeana zaidi, bado zina wenyewe.

Sheria inamwachia shabiki nini

Wako wanaodhani hakimiliki ni ukuta usio na mlango. Sivyo. Sheria ya Kenya inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya mtu binafsi, ukosoaji na uhakiki, na kuripoti mambo ya sasa, kwa sharti la kutaja ulikotoa. Anayeweka beti mbili ili aeleze fumbo lake, au kipande cha sauti ili aonyeshe ulikoharibika udi, anafanya jambo ambalo sheria imeliona.

Pia hakimiliki hailindi wazo wala habari. Kusimulia wimbo ulitungwa kwa sababu gani, kubishana nani alikuwa anapigwa kijembe, au kutunga shairi lako la kujibu, hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Katiba ya 2010 imeyaweka haya mawili pamoja. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na hapo hapo kinamtaka aheshimu haki za wengine. Kifungu cha 40 kinaitaka serikali ilinde haki za ubunifu za Wakenya. Hakuna iliyoandikwa ili imeze nyenzake.

Lakini "matumizi ya mtu binafsi" tusiyavute kama mpira. Kumpelekea ndugu yako wimbo ni jambo moja. Kumwaga kanda nzima mbele ya watu mia nane ni jambo jingine, na mimi sioni vipi mtu ataliita la binafsi.

Mapenzi si ruhusa

Mei 2022 bendi ya Sauti Sol ililalamika hadharani kwamba wimbo wao "Extravaganza" ulitumika bila idhini yao katika kampeni ya Azimio la Umoja. Upande wa kampeni ukajibu kwamba walikusudia kuonyesha mapenzi kwa wasanii wa nyumbani. Mashabiki wakagawanyika, wengine wakiwatetea wasanii na wengine wakiwatukana.

Tusioingia siasa tuna somo letu hapo. Leseni ya kupiga wimbo mbele ya watu, ile inayotolewa na vyama vya kukusanya mirabaha, si sawa na ruhusa ya kuuunganisha wimbo na picha katika video. Wanaotengeneza video za harusi na kuziweka mitandaoni wanaingia shimo hili kila wiki. Na jibu la "lakini twawapenda" ndilo lile lile nililotaka kumpa yule binti. Lilinikwama kooni.

Ukiletewa notisi

Marekebisho ya sheria ya Kenya ya 2019 yaliweka utaratibu wa kuondoa kazi mitandaoni. Mlalamikaji huandika notisi, huitia sahihi, hueleza ni kazi gani na imewekwa wapi, na huambatisha kiapo kwamba yeye ndiye mwenye haki. Kampuni ya huduma za intaneti ikipata notisi iliyokamilika humjulisha aliyeiweka kazi ile, na huiondoa ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa aliyeiweka ameleta notisi ya kupinga.

Notisi ya kupinga ndiyo silaha ya mkosoaji, na wengi hawaijui. Hukulazimika kunyamaza. Eleza kwamba ulichotumia ni kipande, kwamba ulikuwa unahakiki, na kwamba ulimtaja mwenye kazi. Na kutoa notisi ya uongo au ya ubaya, iwe ya kuondoa au ya kupinga, ni kosa la jinai. Mitandao mikubwa ya nje ina taratibu zake, nayo pia huwa na mahali pa kukata rufaa. Mwenzetu aliandika lake kwa utulivu, bila tusi hata moja, na video yake ikarudi.

Hili lina uzito kwetu Pwani, kwa sababu kujibizana ni mila yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipambana kwa tungo na washairi wa Lamu, na hadi leo malenga hulichukua neno la mwenzake akalirudisha limegeuzwa. Mwenye wimbo akipewa uwezo wa kumziba mdomo kila anayemjibu, tutabaki na sifa tupu.

Tunavyofanya sasa

Katika kundi letu tumekubaliana hivi. Kanda nzima ya mwenye haki haiwekwi bila ruhusa yake au ya warithi wake. Anayetaka kueleza au kukosoa huweka kipande kifupi, hutaja mtunzi, mwimbaji na mwaka akiujua, kisha husema lake. Neno likiwa chungu halifutwi kwa uchungu wake. Mwenye kazi akilalamika, tunamsikiliza kwanza, ndipo tunapima kama amechukuliwa mali yake au amekosolewa tu.

Swali ninalowauliza wenzangu ni hili: umetia nini chako? Mwenye kuchukua wimbo mzima asitie kitu anasafiria nyota ya mwenziwe. Mwenye kuchukua beti moja akatia elimu, kumbukumbu au jibu, huyo ndiye anayeiweka taarab hai, na tumtetee.

Yule binti nilimpigia tena. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamwomba atuandikie historia ya babake kwa mkono wake. Ameandika, nasi tumeiweka pamoja na nyimbo mbili alizoziruhusu mwenyewe na maelezo ya mahali kanda zinapopatikana. Kuna mzee wa hapa Embulbul aliyekuwa akinilaumu kwa kufuta zile 43. Alikuwa wa kwanza kununua.