Vigezo na Masharti Kuzingatiwa

Miaka kadhaa iliyopita mamangu alinunua friji hapo Nakuru. Pamoja na risiti akapewa bahasha yenye picha ya mnazi: siku tatu, usiku mbili Mombasa, watu wawili, bure. Mama hajawahi kuona bahari. Jioni hiyo hiyo alinipigia simu kuniuliza kama Mombasa huwa na baridi usiku, ndio ajue kama atabeba sweta.

Safari yenyewe haikutokea. Kwanza simu ya ajenti ilikuwa haishikwi. Iliposhikwa, tukaambiwa kuna ada ya kuhifadhi nafasi, na kila mtu alipe yake. Nauli ni juu yetu. Chakula lazima tununue hapo hapo hotelini. Disemba haiwezekani, Pasaka haiwezekani, na shule zikifungwa pia haiwezekani. Tukachagua tarehe, imejaa. Tukachagua nyingine, nayo imejaa. Mwezi wa tatu mama akachoka. "Wachana nao," akasema. "Friji si inafanya kazi?"

Kwa muda mrefu nilidhani tuliangukia ajenti mzembe. Kisha nikakutana na kisa cha Hoover cha mwaka 1992, nikaelewa kwamba ofa ya mama ilifanya kazi vizuri kabisa. Ilikuwa inangoja tu aseme hayo maneno.

Hoover ni jina kubwa Uingereza, kubwa hadi Waingereza wamelifanya kitenzi: kusafisha zulia kwa mashine ya kufyonza vumbi, hata kama ni ya kampuni nyingine, wao husema "kuhoover". Lakini mwanzoni mwa miaka ya tisini uchumi wao ulikuwa chini, watu hawanunui vifaa vya nyumbani, na bidhaa zimejaa ghalani. Wenye Hoover wakati huo walikuwa Maytag, kampuni ya mashine za kufulia kutoka Newton, Iowa, Marekani. Waliipata mwaka 1989 na walitaka kuona faida.

Agosti 1992 tawi la Uingereza likatangaza: nunua bidhaa yoyote ya Hoover ya pauni 100 au zaidi, upate tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi Ulaya bara. Mauzo yakapanda. Novemba wakaongeza dozi. Sasa tiketi ni za Marekani, New York au Orlando.

Hebu piga hesabu. Unanunua mashine ya kama pauni 120, unapewa tiketi mbili za kuvuka Atlantiki zenye thamani mara kadhaa ya hiyo pesa. Mtoto wa darasa la nne angeuliza hasara inaenda wapi. Wakubwa wa Hoover nao walijua kusoma na kuhesabu. Ila walikuwa wanahesabu kitu kingine: ni watu wangapi watachoka njiani.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Ukinunua, unatuma risiti na fomu kwa posta ndani ya siku 14. Wao wanakutumia fomu nyingine, nayo uirudishe ndani ya siku 14. Halafu ungoje vocha. Ukiipata, unapendekeza mara tatu: uwanja wa ndege, tarehe na mahali unapoenda. Wana haki ya kukataa zote. Unapendekeza tatu zingine, nazo wanaweza kukataa. Kisha ni zamu yao kukupendekezea, na huenda wakakupa uwanja ulio mbali sana na kwenu au tarehe ambayo hakuna mtu na akili zake angesafiri. Ukikataa, mambo yameisha. Hakuna mahali wamevunja ahadi. Kila hatua iliandikwa kwenye masharti.

Wale wachache wangefika mwisho walikuwa wamepangiwa pia. Kiti cha ndege kikipaa kitupu hakileti hata senti, kwa hivyo ajenti hutafuta viti vilivyobaki kwa bei ya chini. Halafu anakuuzia hoteli, bima ya safari na gari la kukodisha, na hapo ndipo anapata faida yake. Kwa hivyo safari ya bure huwa na walipaji wawili: anayekata tamaa, ambaye amenunua bidhaa na hadai chochote, na anayesafiri, ambaye analipia kila kitu isipokuwa kiti.

Mpango huo unasimama vizuri tiketi zikiwa za bei ndogo. Zikiwa za Marekani, mambo hugeuka. Mtu ana sababu ya kuvumilia fomu mbili, tatu, hata kumi. Waingereza wakamiminika madukani. Wengine walinunua mashine ambayo hawakuihitaji, wakaiacha ndani ya boksi, wakaitangaza kwenye gazeti kama mtumba. Hoover ikajikuta inashindana sokoni na bidhaa zake zenyewe. Na viti vya bei ya chini havikutosha watu wote hao.

Barua zikaanza kuchelewa, fomu zikapotea, watu wakakasirika. Lakini safari hii hawakuchoka. Waliunda kikundi cha kushinikiza kampuni, wakapeleka kesi kwenye mahakama za madai madogo, na wengine wakanunua hisa za Maytag ili wapate nafasi ya kuuliza maswali kwenye mkutano wa wenye hisa. Mwaka 1993 mwanamume mmoja wa Cumbria, aliyekuwa amenunua mashine ya kufua na bado anangojea tiketi, alitembelewa na fundi wa Hoover. Fundi akamwambia kwamba anayeamini atapata safari kwa kununua mashine ni mjinga. Jamaa akaenda nje, akaegesha lori lake la farasi mbele ya gari la kampuni, akalizuia hapo siku 13. Nchi nzima ikamshangilia.

Machi 1993 Maytag iliwafuta kazi wakubwa watatu wa Hoover huko Uingereza. Mwishowe watu kama 220,000 walipanda ndege, na kampuni ikapoteza karibu pauni milioni 50. Mwaka 1995 Maytag iliiuza Hoover ya Ulaya kwa Candy ya Italia kwa hasara, na kesi zikaendelea kusikizwa hadi 1998.

Kisa hiki husimuliwa kwenye madarasa ya biashara kama kosa la wakubwa waliokosea hesabu. Mimi nikikisoma nashtuka na kitu kingine. Hoover haikuadhibiwa kwa kupanga watu wachoke. Iliadhibiwa kwa kutoa zawadi kubwa kiasi kwamba watu walikataa kuchoka. Walionakili mpango huo baadaye walijifunza somo moja tu: ifanye zawadi iwe ndogo. Usiku mbili hivi, mahali karibu, ndio mtu akisumbuliwa aone afadhali aachane nayo.

Ndio maana siku hizi nikiona bahasha ya mnazi dukani, siangalii picha. Nauliza bei ya friji bila bahasha, na bei ya friji hiyo hiyo kwa duka la pili. Nauliza nitalipa nini kabla ya kulala hiyo usiku ya kwanza, na ni tarehe gani zimekataliwa. Muuzaji akianza kucheka, nimejibiwa.

Mwezi uliopita nilimsimulia mama hadithi yote, hadi lori la farasi. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na hao Wazungu walienda?"

"Laki mbili na zaidi walienda."

Akanyamaza kidogo. Vocha bado iko kwenye droo ya kabati, imepitwa na wakati kitambo. "Kumbe mimi nilikosa tu lori," akasema.