Viwanda vilikufa, baiskeli zikabaki

Kyela ni tambarare, na tambarare ni mali ya mwenye baiskeli. Katika barabara ya Ipinda gunia la mpunga hulazwa kwenye keria, likakazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na safari ikaanza. Baiskeli yenyewe huenda imetoka China au India, lakini umbo lake ni la Kiingereza: magurudumu ya inchi 28, spoki 32 mbele na 40 nyuma, unakokaa mzigo. Breki ni za vyuma. Ukibana mkono wa breki, fito huvuta mpira juu hadi ukagusa rimu kwa ndani. Fito zikipinda, fundi huzinyoosha kwa nyundo.

Umbo hilo lilienezwa na viwanda kama Raleigh ya Nottingham na Hercules, iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1910. Wenzao wa BSA walianza mwaka 1861 kama mafundi wa bunduki, na nembo yao ilibaki bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja.

Makoloni yalikuwa soko nono. Vijana wa Unyakyusa, iliko Kyela, walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, wengine Afrika Kusini kupitia Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodini. Mshahara ukitosha, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kurudi navyo nyumbani.

Kisha Waingereza wenyewe wakahamia kwenye magari.

Mwaka 1960 kampuni ya Tube Investments, iliyokwisha kuzimeza Hercules na kampuni nyingine ya baiskeli, Phillips, ikaichukua na Raleigh. Tayari tangu 1949 ilikuwa na ubia Madras, India, ambako Hercules ziliundwa kwa mikono ya Wahindi. China nayo ilizindua Flying Pigeon mwaka 1950 kwa kuiga Raleigh. Baadaye Phoenix ya Shanghai ikajaa Tanzania. Dar es Salaam, kiwanda cha NABICO kilitoa baiskeli za Swala. Raleigh iliacha kuunda baiskeli Nottingham mwaka 2002.

Pikipiki za Uingereza zilitangulia kuanguka. BSA, iliyounda pikipiki pia, ilisambaratika mwanzoni mwa miaka ya 1970 mbele ya Honda na Yamaha, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa mwaka 1983. Kampuni ya pikipiki ya Norton iliyumba kwa miongo, ikibadilisha wenyewe, hadi Aprili 2020 iliponunuliwa na TVS ya India, kampuni ambayo pikipiki zake hubeba abiria wa bodaboda kote nchini.